Mwana wa Mhunzi na Gitaa la Paundi Nane

Wazee wetu walinena kuwa mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Maana yake haina fumbo. Mtoto aliyekulia penye tanuri, hata akiwa hajakabidhiwa nyundo, hakosi kupewa mvukuto apulize moto; na akipuliza moto siku nyingi, macho yake huona, masikio yake husikia, na siku moja mkono wake hutaka nyundo. Basi twauliza leo, tangu Lamu hadi Vanga, ni nyumba ngapi zilizosalia ambamo mtoto akirudi chuoni au skuli hukuta baba yake ana kitu mkononi anachokitengeneza, na pembeni pana kazi ndogo inayomngoja yeye?

Swali hili tutalijibu kwa kisa kitakachowashangaza baadhi ya wasomaji, maana ni kisa cha gitaa la umeme lililotengenezwa nyumbani. Tunawaomba wenye haraka ya kuhukumu wavumilie. Hatukuja kusifu makelele, tumekuja kusema habari za mikono.

Mwaka 1963, kando ya jiji la London, alikuwako kijana wa miaka kumi na sita aitwaye Brian May. Kijana huyu alitamani gitaa la umeme kama yale ya Kimarekani aliyoyaona madukani, lakini bei yake ilikuwa haishikiki kwa watu wa kadiri yao. Baba yake, Harold May, alikuwa fundi wa elektroniki aliyeajiriwa na serikali, mtu wa mshahara wa kawaida. Hakumwambia mwanawe angoje apate kazi anunue. Wala hakukopa. Alimwambia maneno yenye maana hii: tutalitengeneza wenyewe. Kazi ile, iliyofanywa jioni na siku za mapumziko, iliwachukua kama miaka miwili, na gharama yake yote haikuzidi sana paundi nane.

Sasa tazama, ewe msomaji, walikipata wapi kila kitu. Shingo ya gitaa ilichongwa kwa mkono kutoka ubao wa mahogani, mti ulio jamaa ya mkangazi wetu. Ubao huo ulikuwa umekaa juu ya meko ya kuotea moto kwa zaidi ya miaka mia, na ulikuwa umebunguliwa na wadudu. Kijana akaziba matundu yale kwa njiti za kiberiti. Kiini cha mwili kilitoka katika meza kuukuu ya mti wa mwaloni. Springi za ule mtambo wa kutingisha sauti zilikuwa springi za vali za pikipiki ya zamani. Mkono wa mtambo huo ulikuwa chuma cha kushikia mkoba wa baiskeli, na ncha yake ikavishwa kipande cha sindano ya plastiki ya kufumia. Vile vidoa vyeupe vinavyomwonyesha mpigaji vidole viende wapi vilichongwa kutokana na vifungo vya lulumizi vya mama yake. Kwa ufupi, nyumba nzima iliingia katika gitaa lile: meko, meza, baiskeli na kikapu cha ushoni.

Hata hivyo hawakuwa wakaidi. Vile vinasa sauti, yaani viungo vinavyoishika sauti ya nyuzi na kuigeuza umeme, kijana alivitengeneza kwanza mwenyewe. Alipoona havimridhishi, akanunua vitatu vya kampuni ya Burns na kuvifunga vizuri. Fundi wa kweli hujua kipi akitengeneze na kipi akinunue.

Wengi hudhani kuwa katika gitaa la umeme mna siri kubwa. Hamna. Chini ya nyuzi za chuma huwekwa sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba, mwembamba kama unywele, mizunguko kwa maelfu. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, mkondo mdogo sana wa umeme huzaliwa ndani ya waya ule, ukitikisika kama uzi unavyotikisika. Mkondo huo hupelekwa kwenye amplifaya ukakuzwa, kisha spika huugeuza kuwa sauti tena. Gitaa lenyewe halina umeme wa kumdhuru mtu. Hatari iko kwenye amplifaya inayochomekwa ukutani, ambayo hata ikizimwa na kuchomolewa huweza kubaki na umeme wa kuua. Na hiyo asiifungue yeyote asiyefundishwa na fundi.

Kazi ngumu iko kwenye shingo, pale panapopigiliwa vile vipande vya waya vinavyogawa sauti. Hapo huwezi kukisia kwa jicho. Kanuni ni hii: chukua urefu wa uzi unaolia, ugawanye kwa 17.817, na jibu ndilo umbali wa kipande cha kwanza. Chukua urefu uliobaki, ugawanye tena kwa hesabu hiyo hiyo, upate cha pili. Na hivyo hivyo mpaka mwisho. Uzi wa gitaa la Brian May una urefu wa inchi 24; basi kipande cha kwanza huangukia inchi moja na kiasi cha thuluthi, na cha kumi na mbili huangukia inchi 12 kamili, nusu kwa nusu. Ukikosea kwa upana wa ukucha, gitaa zima litasema uongo daima. Je, mwalimu gani wa hesabu anaweza kumfunza mtoto kugawanya kwa namna atakayoikumbuka kuliko hii, ambayo kosa lake husikika kwa masikio?

Gitaa hilo la mbao za mekoni halikuishia chumbani. Mwaka 1970 Brian May na wenzake waliunda bendi ya Queen, na mwimbaji wao, aliyejulikana kwa jina la Freddie Mercury, alikuwa mzaliwa wa Unguja, mtoto wa Kiparsi aliyezaliwa mwaka 1946 na ambaye jamaa zake waliondoka kisiwani baada ya Mapinduzi ya 1964. Mwaka 2002, katika sherehe za malkia wa Uingereza, May alisimama juu ya paa la jumba la Buckingham akipiga gitaa lile lile. Angeweza kununua gitaa lolote duniani. Akalichagua lile alilolichonga na baba yake.

Mtu atasema: hayo ni ya Wazungu, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Udi wetu, ambao jina lake kwa Kiarabu ni ubao tu, ulivuka bahari ukaingia Andalusi katika zama za Waislamu, na jina lake likaenea lugha za Ulaya pamoja na chombo chenyewe. Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, aliandika kitabu kikubwa juu ya elimu ya muziki, akapima nyuzi kwa hesabu. Elimu ya kugawa uzi, ambayo leo kijana wa London huitumia chumbani kwake, ilishughulikiwa na wanavyuoni wetu zaidi ya miaka elfu iliyopita.

Na hapa pwani hatukuwa watazamaji. Siwa ya pembe ya ndovu ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu, zilizohifadhiwa katika makumbusho ya Lamu, ni vyombo vilivyotiwa nakshi na mafundi ambao leo twashindwa hata kuwaiga. Gambusi, zumari, msondo na vumi vilikuwa na watu waliojua mti upi ukatwe na ngozi ipi iwambwe. Ilipokuja taishokoto kutoka Japani, chombo kilichobuniwa mwaka 1912 chenye vitufe kama vya taipureta, wapigaji wa Mombasa waliishika wakaifanya iseme Kiswahili katika taarabu. Na mmoja wa watu wa mwanzo kulipiga gitaa la umeme nchini Kenya alikuwa mwana wa pwani, marehemu Fundi Konde, aliyezaliwa mwaka 1924 na kufariki mwaka 2000. Hata watoto wetu wadogo, wakipewa galoni tupu la mafuta, kipande cha ubao na mshipi wa kuvulia samaki, hawahitaji kufundishwa, gitaa hutokea.

Hasara iko wapi basi? Iko katika kuwa gitaa la galoni huachwa mtoto anapofika miaka kumi na miwili, na hakuna anayemwonyesha hatua ya pili. Mti wa mpingo hukatwa Tanzania na Msumbiji, ukasafirishwa Ulaya, ukarudi ukiwa zumari za kizungu za bei ambayo skuli zetu haziwezi kulipa. Mbao ni za Afrika, masikio tunayo, hesabu tunafundishwa. Kinachokosekana ni meza ya kazi na mtu wa kusimama kando yake.

Twajua lipo jambo ambalo halifai kupitwa kimya katika gazeti linalosomwa na Waislamu. Wapo miongoni mwetu wanaoona kuwa vyombo vya muziki havifai, na wapo wasioona hivyo. Khitilafu hiyo ni ya wanavyuoni na ukurasa huu hauna mizani ya kuipima. Ambaye moyo wake hauridhiki na gitaa, na aliache. Lakini asiliache gitaa akaiacha na randa. Mtoto wake na achonge rehani ya kuwekea Msahafu, atengeneze redio, aunde ngalawa ya mashindano au kitanda cha bibi yake. Nabii Daudi, amani iwe juu yake, alilainishiwa chuma akafuma deraya kwa vipimo, naye ni katika waliosifiwa kwa kula jasho la mikono yao. Kazi ya mkono haijapata kuwa aibu katika dini yetu. Aibu tumeiingiza sisi, tulipoanza kuwaambia watoto kuwa asiyefaulu mtihani ndiye huenda kwa fundi.

Wengine watasema kuwa kununua ni rahisi. Ni kweli, magitaa ya viwandani yamejaa madukani, na ukihesabu saa zako utaona la kununua lina nafuu. Lakini hesabu hiyo imesahau kitu. Mwenye gitaa la dukani ana gitaa moja. Aliyelitengeneza ana gitaa, na juu yake ana ujuzi wa randa, patasi, tupa na msasa. Anajua gundi hukauka kwa saa ngapi na kwa nini mbao mbichi hupinda. Anajua kulehemu waya na kupima umeme. Na zaidi ya yote ana subira. Kijana mwenye hayo hata akikosa ajira hakosi la kufanya.

Sasa turudi kwa yule baba, maana kisa chake kina upande wa pili. Harold May, aliyemsaidia mwanawe kulitengeneza gitaa, ndiye aliyeumia sana gitaa lilipomchukua kijana. Brian alikuwa mwanafunzi wa elimu ya nyota, akiandika tasnifu ya udaktari. Katika miaka ya 1970 akaiacha kwa ajili ya muziki. Baba aliona miaka ya masomo imemwagwa, na kwa muda wawili hao hawakuelewana. Baadaye alikwenda New York, akamtazama mwanawe mbele ya umati, akaridhika. Alifariki mwaka 1988. Na mwaka 2007, mwana akiwa na miaka sitini, aliirudia tasnifu yake, akaimaliza, akapewa shahada ya udaktari. Mzee hakuiona siku hiyo. Lakini nani atasema kuwa subira iliyomrudisha mtu kwenye masomo baada ya miaka zaidi ya thalathini haikuanzia pale alipokaa na baba yake wakiziba matundu ya bungua kwa njiti za kiberiti?

Hilo ndilo twaliona kuwa kiini cha maneno yote haya. Gitaa halikutengenezwa na mbao. Lilitengenezwa na jioni za miaka miwili ambazo baba alikubali kuzitoa. Kina baba wa pwani twakaa barazani baada ya laasiri, twakunywa kahawa, twalaumu serikali, twalaumu skuli, twalaumu simu zilizowaiba watoto wetu. Na yule mtoto yuko ndani, peke yake na hiyo simu. Anayemlalamikia mwizi na mlango hakuufunga, ana nini cha kudai?

Basi rai yetu ni hii. Kila baba mwenye ujuzi wowote wa mkono, uwe wa useremala, wa umeme, wa kushona au wa kuunda vyombo, na amtengee mwanawe, wa kiume na wa kike, jioni moja katika juma. Kina mama wasiachwe nje, maana vifungo vya lulumizi vilitoka kwao. Mafundi wenye karakana Mombasa, Malindi na Lamu, wawaruhusu vijana kuchukua vipande vya mvule na mbambakofi vinavyotupwa jikoni vikawa kuni. Skuli zetu zifungue vyumba vya ufundi vilivyogeuzwa bohari ya madawati mabovu. Na kijana asomaye maneno haya asingoje msaada wa mtu yeyote. Atafute ubao mkavu, aombe msumeno, aanze kuchora mstari.

Nyundo ikimshinda leo, na avukute. Lakini tanuri lazima liwepo, na wa kuliwasha ni sisi.