Nauli Nafuu ni ya Nani?

Bujumbura haina treni, lakini wanafunzi wangu wamekwisha kuanza kugombana juu ya bei ya tiketi zake. Mkataba wa kujenga reli kutoka Uvinza, Tanzania, hadi Musongati ulitiwa saini Januari 2025, nasi darasani tukaufanya mada ya mdahalo. Mwanafunzi mmoja akasimama na kupendekeza kwamba nauli, ya treni na hata ya basi, iwe rahisi mchana na ghali jioni, kama ilivyo Uingereza, ili msongamano upungue. Wenzake walimpigia makofi. Mimi sikupiga.

Tutazame kwanza huko Uingereza. Tiketi ya saa nafuu huuzwa kwa bei ya chini kwa sharti kwamba mwenye nayo asisafiri wakati wa msongamano. Katika baadhi ya njia zinazotoka London, sharti hilo hurudi tena alasiri: treni hii unaruhusiwa kuipanda, inayofuata huruhusiwi. Matokeo yake unaweza kuyakisia. Wenye tiketi nafuu wote huikimbilia treni ya mwisho wanayoruhusiwa, wakasimama wamebanana hadi milangoni, ilhali treni ya baadaye, iliyo ghali, yaweza kuondoka na viti vitupu. Umati haukuondolewa, umesogezwa mbele kidogo tu, ukaitangulia jioni yenyewe.

Sasa rudi nasi katikati ya jiji letu, si mbali na mahali palipokuwa Soko Kuu kabla ya kuteketea kwa moto Januari 2013. Saa kumi za alasiri foleni ya kwenda Kanyosha au Kamenge imekwisha kujipinda. Uhaba wa mafuta wa miaka hii umepunguza mabasi, na tangu Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji za abiria zilipozuiwa kuingia katikati ya jiji, asiyepata basi hutegemea miguu yake. Katika foleni hiyo, ni nani atakayeitumia nauli nafuu ya saa nane? Mwenye duka anayejifungia mwenyewe anapotaka, labda. Mfanyakazi wa nyumbani anayesubiri tajiri wake arudi ndipo aruhusiwe kuondoka? Mwanafunzi ambaye kengele yake haijalia?

Hapa niruhusu niwe mwalimu wa lugha kidogo. Neno hiari lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni uchaguzi. Nauli ya namna hii humtuza mwenye hiari ya saa zake. Asiye nayo hatozwi kwa kuwa amekosea, bali kwa kuwa saa zake zimo mikononi mwa mtu mwingine. Na mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo zaidi. Jirani zetu wa Nairobi wanalijua jambo hili bila kuandikiwa sheria: jioni, na hasa mvua inaponyesha, makondakta wa matatu hupandisha nauli, na abiria hulipa kwa kuwa lazima afike kwake.

Sisemi kwamba bei haifai kitu kamwe. Singapore, kuanzia mwaka 2013, iliwasafirisha bure waliofika vituo vya katikati ya jiji kabla ya saa moja na dakika 45 asubuhi, na mwishoni mwa 2017 ikaugeuza mpango huo kuwa punguzo la nauli. Lakini huko mtu aliyeamua kuwahi alikuta treni inayomngoja. Kwetu, kupunguza bei ya basi lisilokuja ni kumpunguzia mtu bei ya kitu asichoweza kukinunua.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: tuanze na saa, bei ifuate. Shule, ofisi na maduka visifungwe kwa pamoja. Shule za sekondari zikitangulia hata kwa nusu saa, na zile za mtaa mmoja zikapishana na za mtaa mwingine, basi lile lile laweza kwenda Musaga mara mbili kabla ya ofisi kufunguka milango. Hilo halihitaji reli wala mkopo. Lahitaji wakuu wa shule na wa ofisi kuketi meza moja, jambo ambalo, nakiri, huenda likawa gumu kuliko kujenga reli.

Na ikiwa siku moja tiketi nafuu zitakuja, bei ishuke kwa hatua ndogo ndogo, isikatwe kama kwa kisu saa fulani. Na mwenye sare ya shule alipe ile ya chini saa yoyote.

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu mmoja anayeishi mbali, upande wa kusini wa jiji, aliniomba ruhusa ya kutoka kabla ya kipindi cha mwisho ili aitangulie foleni asifike kwao gizani. Nilimruhusu. Juzi waliniomba watatu, na kipindi hicho cha mwisho ndicho cha Kiswahili.