Mwacheni Ayubu Amalize Kusema

Makala ya mama mjane tuliyoichapisha katika toleo lililopita imewaudhi wasomaji wengi kuliko nilivyotarajia. Aliandika kwamba tangu amzike mumewe anaamka alfajiri kusali kama zamani, na kila alfajiri anamwuliza Mungu kwa nini, na hajajibiwa. Hakuacha kanisa wala jumuiya. Alichokataa ni kusema yuko sawa wakati hayuko sawa. Barua zilizotufikia zina hoja moja kubwa: makala ya namna hiyo inawakwaza walio wachanga kiimani, na jarida la Kikristo lilipaswa kungoja mpaka mama huyo avuke, ndipo lichapishe ushuhuda wake. Mzee mmoja wa kanisa ameandika kwamba tumempa muumini nafasi ya kukiri kushindwa.

Napinga, na toleo hili limeandaliwa kupinga.

Tazama tunavyofanya misibani. Turubai limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, mfiwa ameketi ndani kwenye godoro amezungukwa na ndugu, na karibu kila anayeinama kumpa pole anamwambia kazi ya Mungu haina makosa. Akilia kwa sauti, kuna mama atamshika bega na kumwambia ajikaze, asimkufuru Mungu. Kisha mhubiri anasimama, anafungua Ayubu sura ya 1, anasoma maneno ya mtu aliyepoteza watoto kumi na bado akalibariki jina la Bwana, anafunga Biblia. Kitabu hicho kina sura 42. Tunazika watu wetu kwa sura moja. Sura ya 3, ambamo Ayubu huyohuyo anailaani siku aliyozaliwa, sijapata kuisikia ikisomwa makaburini, wala Jumapili kanisani.

Anayeharakisha kumnyamazisha mfiwa anaamini anamtetea Mungu. Elifazi, Bildadi na Sofari, rafiki zake Ayubu, waliamini hivyohivyo. Walipofika kwa rafiki yao walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hilo ndilo jema walilomtendea. Walipoanza kusema walileta mafundisho yanayosikika safi kabisa: Mungu ni wa haki, mwenye haki haangamizwi, tubu nawe utainuliwa. Hotuba zao zikipelekwa leo kwenye mkutano wa injili zitaitikiwa amina mwanzo hadi mwisho. Lakini ukifika sura ya 42 unakuta Mungu amewakasirikia wao. Mlalamikaji ndiye anayehesabiwa kuwa alimnena Mungu sawasawa, na watetezi wa Mungu wanaambiwa wapeleke sadaka na waombewe na yeye. Ndiyo, Ayubu naye anatubu katika mavumbi na majivu. Anatubu baada ya Mungu mwenyewe kusema naye kutoka katika upepo wa kisulisuli. Wageni walipomkemea hakutubu.

Wasomaji wawili wamenikumbusha jangwani: Israeli walinung'unika na wakaangamia. Hoja hii ni nzito na inastahili jibu. Katika Hesabu 14 watu wanalalamika wao kwa wao, wanamgeuka Musa, wanatafuta kiongozi wa kuwarudisha Misri. Wamekwisha kuamua kwamba hakuna wa kuongea naye. Habakuki analalamika kwa uchungu usiopungua ule, lakini analipeleka lalamiko lake kwa Mungu, kisha anapanda mnarani kungoja jibu. Mimi nasema huko kungoja ndiko kumtumaini Mungu. Mtu hamngoji asiyemwamini. Mama yule anayeuliza kwa nini kila alfajiri anafanya kazi ya Habakuki, na sisi tunataka ashuke mnarani atuimbie pambio.

Kitabu cha Zaburi kinanipa nguvu zaidi. Kati ya zaburi 150 hakuna aina iliyo nyingi kuliko maombolezo. Nyingi zake hugeuka kabla ya kwisha: mlalamikaji anakumbuka wema wa zamani, anaahidi kusifu. Zaburi ya 88 haigeuki. Inaanza kwa kumwita Mungu mchana na usiku, inaishia gizani, na Israeli wakaiweka katika kitabu cha ibada bila kuiongezea mstari wa kufariji. Pale Golgotha, Yesu alipojisikia ameachwa, alililia hilo kwa maneno yanayofungua Zaburi ya 22. Kama Mwana aliruhusiwa, sielewi ni nani aliyetupa sisi mamlaka ya kumkataza mjane.

Najua nitajibiwa kwa Ni Salama Rohoni Mwangu, kwa sababu kila mjadala huu ukianza mtu huutaja wimbo ule na mtunzi wake, Horatio Spafford. Basi tuisimulie habari yake yote. Spafford alikuwa mwanasheria wa Chicago. Moto mkubwa wa mwaka 1871 ulimharibia mali. Tarehe 22 Novemba 1873 meli Ville du Havre, iliyombeba mkewe Anna na binti zao wanne, iligongana na meli nyingine katika Atlantiki ikazama. Walikufa watu 226, wakiwemo mabinti wote wanne. Anna aliokolewa. Wimbo ulizaliwa kutokana na msiba huo, ukachapishwa mwaka 1876 kwa muziki wa Philip Bliss. Wahubiri wetu huishia hapa.

Bliss mwenyewe alikufa Desemba ya mwaka huohuo 1876, yeye na mkewe, treni ilipoanguka na daraja huko Ashtabula, Ohio. Mwaka 1880 akina Spafford wakampoteza mtoto mwingine, wa kiume, kwa homa. Na hapo baadhi ya waumini wenzao wakaanza kusema kwamba misiba inayofuatana namna ile ni adhabu ya Mungu. Waliokuwa na huo wimbo mdomoni walishindwa kukaa na aliyeutunga. Familia ilijitenga na kanisa lake, na mwaka 1881 ikahamia Yerusalemu na kundi dogo la marafiki. Anayeutumia wimbo huu kuwanyamazisha wanaolia ajue kwamba mtunzi wake alihukumiwa na watu waliofanya vivyo hivyo.

Ushuhuda ni eneo jingine ambalo tumeliacha lipinde. Katika makanisa mengi anayepewa kipaza sauti ni aliyepona, aliyepata kazi, aliyejaliwa mtoto baada ya miaka ya kungoja. Nawafurahia. Lakini dada aliyeketi benchi la nyuma, ambaye mimba yake ya tatu imeharibika wiki hiyo, anajifunza Jumapili hadi Jumapili kwamba hana la kusema nyumbani mwa Baba yake. Ndugu zetu wa Uamsho wa Afrika Mashariki walikuwa na desturi ya kutembea nuruni, mtu kusema hali yake mbele ya wenzake kama ilivyo. Ilihusu dhambi hasa, nakubali. Ingeweza kutufaa kwa huzuni pia.

Mtu akinyimwa pa kulia ataenda kwa anayemwahidi kwamba machozi yatakoma leo. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa Moshi wakikanyagana kuwahi mafuta ya upako. Nimesikia wengi wakiwaita wajinga. Naumia nikisikia hivyo. Walikuwa watu wenye magonjwa, madeni na ndoa zilizovunjika, na wengi wao walikuwa na makanisa yao. Swali langu ni kwa makanisa hayo: waliwahi kuulizwa wana shida gani, wakasikilizwa mpaka wakamaliza?

Katika toleo hili, muuguzi wa wodi ya saratani anaeleza anavyowaona wagonjwa wakijilazimisha kutamka kwamba wamepona kila mchungaji wao anapofika, kisha wakigeukia ukuta akiondoka. Ni makala bora kuliko zote tulizopokea, anzeni nayo. Mwalimu wa chuo cha Biblia anaichambua Warumi 8 akionyesha kwamba kuugua kwa viumbe, kwa waumini na kwa Roho kunatangulia mstari wa 28 tunaoukimbilia. Katekista mmoja ameandika kuhusu kutunza wazee. Kuna pia makala inayotetea mafundisho ya mafanikio. Nimeichapisha kwa sababu mwandishi wake ni mkweli, ingawa naona amelikwepa swali. Mashairi yako ukurasa wa mwisho.

Kwa kamati za ibada nina ombi, nalo ndilo lililonifanya niandike. Kwaresima hii chagueni jioni moja, msome Zaburi ya 88 yote. Msomaji asiongeze neno la faraja mwishoni, na kwaya isipandishe wimbo mara moja. Kisha walioko wapewe nafasi ya kumwambia Mungu kwa sauti yale ambayo hawajajibiwa, na asitokee mtu wa kuwajibu kwa niaba yake. Tuandikieni kilichotokea. Kurasa nne za toleo la Pasaka tumeziacha wazi kwa barua hizo.