Kisichofunguka si Chako

Nina ugomvi na watu wa aina mbili, na chanzo chake ni baiskeli yangu.

Wa kwanza ni wale wanaoniambia kwamba baiskeli ya huku kwetu ni chuma, keria na kengele, basi. Springi ni mambo ya Wazungu wanaochezea milima siku ya Jumapili. Wa pili ni wale ambao kila kifaa kikichoka hunieleza kwamba baiskeli yenyewe imepitwa na wakati, niiuze nitafute mpya. Wa kwanza wananinyima kitu kizuri. Wa pili wananinyima umiliki wake. Wote wawili, bila kujuana, wanakubaliana jambo moja: kwamba mtu wa Muleba hawezi kuwa na kitu kizuri na papo hapo akawa na uwezo wa kukitengeneza. Hilo ndilo ninalolipinga hapa.

Baiskeli yenyewe ni ya milimani. Ina shokapu mbele na nyuma, fremu ya alumini, breki za diski na magurudumu ya inchi 27.5. Niliinunua ya mtumba Mwanza mwishoni mwa mwaka 2020, nikaivusha ziwa kwa meli hadi Bukoba. Fundi wa kwanza kuiona aliizunguka mara mbili, akabonyeza shokapu ya nyuma kwa kiganja, akaniuliza: "Bwana shamba, hii pikipiki injini yake umeiacha wapi?"

Aliniita bwana shamba kwa sababu ndiyo kazi yangu. Natembelea wakulima wa kahawa na migomba, nakagua mibuni, natazama kama mnyauko umeingia kwenye kibanja cha mtu. Sishindani na yeyote, wala sivai zile kaptura za kubana. Naendesha kama saa kumi kwa wiki, na kwa miaka mitano baiskeli hii imenipeleka mahali ambako gari la ofisi huzimwa barabarani na safari ikaendelea kwa miguu.

Anayeijua Kagera kwa lami tu haijui. Lami ya kutoka Bukoba kupita Kemondo na Muleba hadi Biharamulo ni nzuri, lakini wakulima hawaishi juu ya lami. Wanaishi juu ya migongo ya milima, ndani ya vibanja, na kati ya mgongo mmoja na mwingine kuna rweya, kuna bonde lenye matope, kuna njia ya miguu iliyochimbwa na mvua hadi mawe yakabaki yametoa meno. Panda kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu, kisha uache barabara na kuingia njia za ndani, ndipo utaelewa. Mvua yetu nayo haina adabu. Udongo mwekundu unaokushika vizuri asubuhi, mchana unageuka sabuni.

Kwenye njia hizo shokapu si godoro. Kazi yake ya kwanza si kukubembeleza, ni kulizuia tairi lisiruke. Tairi lililo hewani halishiki breki wala halikati kona. Unaposhuka kwenye mawe na baiskeli isiyo na springi, gurudumu linadunda, breki inashika hewa, na mikono inapokea kila jiwe. Ndiyo maana ndugu zetu wanaobeba mikungu ya ndizi kwenye Phoenix wanashuka na kuisukuma, mteremko kama mlima. Wanajua watakachokipata wakijaribu kuteremka juu yake. Basi anayeniambia springi ni anasa namwomba ashuke Kamachumu na mikungu mitatu, halafu tuzungumze.

Na anayesema baiskeli ya milimani ni ya watu wengine, historia yake inamkana. Haikuzaliwa maabara. Katika miaka ya 1970, kwenye vilima vya Marin, karibu na San Francisco, vijana walikusanya baiskeli za zamani za Marekani, nzito, zenye matairi manene na breki ya kukanyaga nyuma. Walizivua mapambo, wakazifunga vifaa vilivyotoka kwingine, wakateremka nazo. Mwaka 1976 walianza mashindano kwenye mteremko walioupa jina la Repack, kwa sababu joto la breki liliyeyusha grisi yote ndani ya kitovu cha gurudumu, na kila baada ya kushuka ilibidi kukifungua na kukipaka grisi upya. Jina la mteremko huo, kwa maneno mengine, ni jina la kazi ya fundi. Kina Gary Fisher na Joe Breeze walikuwa wanafanya kile kile kinachofanyika kila siku chini ya mti pale Nshamba au Rubya: unachukua chuma cha zamani, unakifungua, unakilazimisha kifanye kisichotarajiwa.

Halafu kikawa kiwanda, na kiwanda kikaugawa ulimwengu sehemu mbili.

Tom Ritchey, aliyewajengea vijana wale fremu mwaka 1979, alifika Rwanda mwaka 2005. Aliona baiskeli za mbao zikibeba mizigo milimani, akarudi na wazo la baiskeli ndefu ya kubebea kahawa, yenye keria iliyorefushwa nyuma. Mwaka huo huo wa 2005, baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, F.K. Day, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya SRAM, alianzisha pamoja na mkewe shirika la World Bicycle Relief. Baiskeli yao iitwayo Buffalo imesambazwa katika nchi kadhaa za Afrika: chuma kizito, keria imara, breki ya kukanyaga nyuma. Shirika hilo limefundisha mafundi vijijini na kuhakikisha spea zinapatikana. Nawapongeza bila kinyongo. Anayetoa baiskeli pamoja na fundi na spea amefikiri kuliko wengi.

Lakini tazama jambo hili. SRAM ndiyo inayomiliki RockShox, moja ya majina makubwa kabisa ya shokapu za baiskeli duniani, iliyonunuliwa mwaka 2002. Kwa hiyo ukoo mmoja wa viwanda unajua vizuri sana jinsi ya kutengeneza baiskeli ambayo fundi wa kijijini anaweza kuifungua, na unajua vizuri sana jinsi ya kutengeneza shokapu. Maarifa haya mawili hayajakutana kwenye baiskeli moja. Kutengenezeka kumefanywa kuwa sifa ya baiskeli ya msaada, na ubora kuwa sifa ya baiskeli ya kuuza. Maskini apewe kitu kinachofunguka. Mwenye nacho auziwe kitu kinachotupwa. Kwangu mimi hizo si chaguo mbili. Ni tusi moja lililofungashwa mara mbili.

Ushahidi wangu uko kwenye baiskeli moja, na nimeufungua kwa mikono yangu.

Mwaka wa pili, maungio ya nyuma, pale mkono wa fremu unapopandia na kushukia, yalianza kulia. Tuliyafungua na fundi, tukatoa beringi zilizojaa kutu. Ubavuni mwa kila beringi palikuwa na namba: 6001. Namba hiyo si siri ya mtu. Inamaanisha tundu la milimita 12, upana wa nje 28, unene 8, na maana yake ni hiyo hiyo Bukoba, Shanghai na Stockholm. Fundi aliiandika kwenye kiganja, akaenda duka la spea za mashine, akarudi nazo kabla ya chakula cha mchana. Hakuna aliyetuuliza baiskeli ni ya kampuni gani. Hakuna aliyehitaji kujua.

Mwaka wa tatu, shokapu ya nyuma ilianza kupoteza upepo. Kasoro ni ndogo: ndani yake kuna oringi na sili chache za mpira, zimelika. Hizo hazikuwa na namba. Mtengenezaji anaziuza kwa kifurushi chenye jina lake, kwa shokapu za mwaka fulani tu. Mzigo ulioenea kwenye kiganja kimoja ulinichukua majuma saba na shilingi 190,000 pamoja na usafirishaji. Majuma yote hayo baiskeli ilikaa ukutani, na mimi nikatembelea wakulima wachache kuliko nilivyopanga.

Baiskeli moja, fundi mmoja, matatizo mawili ya ukubwa ule ule. La kwanza lilikwisha kabla ya mchana, la pili lilikaribia miezi miwili. Tofauti si ujuzi wa fundi wala umbali wetu na Ulaya. Tofauti ni namba ubavuni.

Wakubwa wa biashara hii wana jibu lao: shokapu ni teknolojia ya juu, si kitu cha kufunguliwa chini ya mwembe. Jibu hilo halina aibu. Simama stendi ya Muleba uhesabu bodaboda. Kila moja ina shokapu mbele na nyuma, na inabeba abiria wawili na gunia. Shokapu za mbele zikivuja, fundi anazifungua kando ya barabara, anamwaga oili, anatoa oili sili iliyoandikwa vipimo vyake juu, anaweka nyingine, na dereva anarudi kazini jioni hiyo. Mkono unaoweza hilo unaweza na la baiskeli yangu. Kinachokosekana ni sili yenye vipimo.

Na usidhani watengenezaji hawajui kwamba vitu hivi huchakaa. Wameandika wenyewe. Vitabu vyao huelekeza foku ifunguliwe, isafishwe na kubadilishiwa oili baada ya saa 50 za kuendesha, wengine 125. Kwa mtu wa Jumapili, saa 50 ni miezi mingi. Kwangu ni majuma matano. Kitu kinachotakiwa kufunguliwa mara kumi kwa mwaka, halafu kikatengenezwa ili kisifunguke bila kibali cha aliyekiuza, hicho hukukinunua. Umekikodi, na kodi inapanda kila spea inapoadimika.

Kisha kuna mchezo wa vipimo. Kwa miaka mingi gurudumu la milimani lilikuwa la inchi 26, na tairi lake hadi leo unalipata Bukoba. Ikaja 29. Ikaja 27.5, ambayo ni kipimo cha zamani cha Wafaransa kilichopewa jina jipya. Hiyo ndiyo yangu, na matairi yake huletewa kutoka Kampala kupitia Mutukula kwa kondakta wa basi. Kitovu cha nyuma kilikuwa milimita 142, wakakiongeza sita kikawa 148, na gurudumu zuri la juzi likakataa fremu ya leo. Linganisha na Phoenix ya Shanghai, Hero ya Ludhiana na Raleigh ya Nottingham: mabara mawili, umbo moja, na fundi anachomoa pedeli ya hii anaifunga kwenye ile. Ndiyo maana Phoenix ya babu bado inabeba rubisi. Chuma chake si cha ajabu. Spea zake hazina kiburi.

Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya kutengeneza, inayowabana watengenezaji wa mashine za kufulia, majokofu na simu. Vizuri. Lakini mtumba ukishavuka bahari, sheria hiyo haipandi meli pamoja nao. Huku kwetu haki hiyo tutaidai wenyewe, na ya kudai yanajulikana. Watengenezaji wachapishe vipimo vya kila sili na kila oringi, kama vya beringi vilivyochapishwa. Vyuo vyetu vya ufundi viiweke shokapu ya baiskeli mezani kando ya shokapu ya pikipiki, maana ni ndugu. Na sisi vijana tuliosoma tuache kumwona fundi baiskeli kama mtu aliyekosa kazi. Mimi nina shahada, lakini ni yeye aliyeniweka barabarani miaka mitano.

Sijaiuza baiskeli yangu na siiuzi. Fremu haina ufa. Breki za oili nilizitoa nikaweka diski za waya, kwa sababu waya unauzwa kila duka kuanzia Hamugembe hadi Muleba mjini. Beringi zinalindwa na namba yake. Shokapu ya nyuma ndiyo peke yake ambayo bado ina bwana mwingine.

Nawe ukiamua kununua ya kwako, na ninakushauri ununue, muulize muuzaji mambo matatu kabla hujatoa pesa. Tairi la kipimo hiki linapatikana hapa mjini? Beringi zake zina namba? Shokapu ikivuja, nani ataifungua, na kwa sili ipi? Akikosa jibu la tatu, usimlipe bei ya baiskeli. Mlipe bei ya kukodi.