Tusingoje Kutawala Ndipo Tufundishe



Wako miongoni mwetu wasemao kwamba mambo ya vyuo, lugha na mila na yawekwe kando mpaka siku chama chetu kitakaposhika serikali. Sisi hatukubaliani nao, na hoja yetu twaitoa Aljeria.

Wafaransa waliingia Algiers mwaka 1830. Haukupita muda wakazitia mkononi mali za wakfu, ambazo ndizo zilizokuwa zikiendesha misikiti na vyuo. Mwaka 1832 waliutwaa msikiti wa Ketchaoua, wakaugeuza kanisa. Hata Ufaransa ilipotenga dini na serikali kwa sheria ya mwaka 1905, huko Aljeria serikali haikuiachia misikiti. Iliendelea kuwachagua maimamu na kuwalipa mishahara. Na imamu alipwaye na mtawala, khutba yake huijua mtawala kabla ya maamuma.

Mwaka 1930 wakoloni walisherehekea kutimiza miaka mia moja nchini mle, kana kwamba mambo yamekwisha. Hayakwisha. Mwaka wa pili yake, 1931, maulamaa walikutana Algiers wakaunda jumuiya yao, na mkuu wake akawa Sheikh Abdelhamid Ben Badis wa Constantine. Hawakuwa na jeshi wala hazina. Walikuwa na darasa. Watu walichanga, kila mtu kwa kadiri yake, wakafungua skuli zao wenyewe. Watoto wakasoma dini, Kiarabu na tarikhi ya nchi yao, na wasichana nao wakafunguliwa mlango.

Serikali ikaingiwa na hofu. Amri ya tarehe 8 Machi 1938 ilikataza kufundisha katika skuli hizo bila ya ruhusa yake. Skuli zikafungwa, waalimu wakashitakiwa. Lakini kazi haikukoma.

Ben Badis alifariki mwaka 1940, asiuone uhuru. Mwenzake, Sheikh Bachir Ibrahimi, aliuona. Mwaka 1962 Ketchaoua ilirejea kuwa msikiti, na khutba ya Ijumaa ya mwanzo aliitoa yeye.

Na tuseme kweli: darasa peke yake halikumtoa mkoloni. Vilipiganwa vita vya karibu miaka minane, na roho nyingi zilipotea. Lakini watu wasiojijua ni nani hawawezi kusimama pamoja muda wote huo. Kujijua huko kulianza mkekani, miaka mingi kabla ya bunduki, wakati ambapo mwenye akili za kuhesabu tu angesema hakuna tamaa tena.

Basi sisi twangoja nini? Mkeka hauhitaji kibali cha kushinda uchaguzi. Twaliomba kila tawi lianzishe darasa la jioni, pasomwe dini, lugha yetu na tarikhi ya kisiwa chetu, na mwalimu apewe haki yake bila ya kuzungushwa. Wenye maduka, nasi tumo, tuwe wa mwanzo kutoa, ijapokuwa ni mafuta ya taa.

Jambo moja tulishike sana. Mtoto wa jirani asiye wa chama chetu asiondoshwe mkekani. Tukimfukuza, tutakuwa tumejifunza kwa mtawala yale yale tunayoyakataa kwake.

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wazee. Asili haijilindi yenyewe. Hulindwa na watu waliokaa pamoja.