Mifupa ya babu zetu iko Ubelgiji, na mwanafunzi wa Bel-Air bado anangoja barua

Sisi vijana wa Bel-Air, komini ya Kampemba, mu Lubumbashi, tunaandika juu ya jambo ambalo wengi watalicheka. Tunajua. Chekeni, lakini someni kwanza.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa hapa kwetu, binti wa mama mwenye kuuza makala kandokando ya barabara, alipata nafasi ya kujiunga na timu ya utafiti wa akiolojia na asili ya binadamu mu Kenya, upande wa ziwa Turkana. Timu ilimwandikia wazi: chakula ni chetu, hema ni letu, karo tumekusamehe. Wewe lete pasipoti, tiketi ya ndege na barua moja ya ofisi.

Pesa ya tiketi tuliitafuta. Mama yake alitoa likelemba yake yote, mtaa ukaongeza, vijana wa mpira wakaongeza. Pasipoti ikatoka kwa shida. Barua moja njo ilitushinda. Ofisi moja inamtuma ku ingine, ile ingine inasema mkubwa amesafiri, mkubwa akirudi muhuri haupo. Wiki saba! Mu ofisi ya mwisho akaambiwa: "Mama, sema vizuri." Kila mtu wa mji huu anajua maana ya kusema vizuri. Matabishi. Alikataa, na sisi tulimwambia akatae. Barua ilipotoka, magari yalikuwa yameshaondoka Nairobi kwenda kaskazini, na kitanda chake kilikuwa na mtu mwingine.

Hatutaji ofisi, juu si hiyo moja tu.

Tulipoanza kulalamika, tulisikia vicheko hata kwa wazazi wetu. "Unaenda ku Kenya kutafuta mifupa ya bafu, utakula mifupa?" Mwingine akasema huku Katanga watu wanachimba shaba na kobalti, ninyi munataka kuchimba vichwa. Tuwajibu wababa na wamama kwa heshima, lakini tuwajibu.

Jina Kamoa munalijua. Leo mukisikia Kamoa munafikiri mgodi mkubwa wa shaba karibu na Kolwezi, ule ulioanza kutoa shaba mwaka 2021. Lakini kabla ya mgodi, Kamoa ilikuwa jina la mahali pa akiolojia. Mbelgiji Daniel Cahen alichimba kule, akatoa kitabu mwaka 1975: vifaa vya mawe vya watu wa zamani sana, tabaka juu ya tabaka, mpaka zama za chuma. Ni wangapi kati yetu, wana wa Katanga, tuliofundishwa jambo hilo ku sekondari? Sisi tunaoandika hapa, hata mmoja hakufundishwa.

Twende kusini kidogo, kwa reli ile ile iliyoleta babu zetu kazini. Kabwe, mu Zambia, zamani Broken Hill. Mwaka 1921 wachimbaji wa mgodi walikuta fuvu la mtu wa kale, mwenye miaka karibu 300,000 kwa hesabu za siku hizi. Lilitoka mu mgodi, si mu shimo la watafiti. Likapelekwa London, na Zambia imelidai miaka na miaka.

Sasa tuulize. Leo mu Haut-Katanga na Lualaba udongo unageuzwa kila siku, mchana na usiku, kwa mashine na kwa mikono. Fuvu likitokea kesho asubuhi, nani atasimama aseme "ngojeni"? Dereva wa mashine hana kosa, hakuna aliyemfundisha. Jicho la kutambua mfupa wa miaka laki tatu kati ya mawe halitoki kwenye daftari. Linatoka kwenye kupiga magoti juani wiki nyingi, pembeni ya mtu anayejua: kupima mraba, kuchota udongo kidogo kidogo, kuchekecha, kuandika kila kipande kilitoka tabaka gani. Ndiyo maana yule dada alitaka kwenda Turkana. Huwezi kujifunza hiyo kazi kwa picha za karatasi iliyofotokopiwa mara ya kumi, na hizo njo tuko nazo.

Kuna mfano tunaopenda, na unatuuma pia. Kamoya Kimeu, Mkenya, alianza kazi mwaka 1960 kule Olduvai, Tanganyika, kama kibarua wa familia ya Leakey. Mwaka 1984, pale Nariokotome, magharibi ya Turkana, yeye njo aliona kipande kidogo cha fuvu kati ya vijiwe vyeusi. Wakachimba, ikatoka karibu mifupa yote ya kijana mmoja aliyeishi miaka milioni moja na nusu iliyopita, na dunia nzima ikashangaa. Chuo kimoja cha Marekani kilimpa udaktari wa heshima mwaka 2021. Alikufa mwaka 2022. Kazi ya maisha, na shahada mwaka mmoja kabla ya kaburi! Tunamheshimu Mzee Kamoya. Lakini hatutaki tena Mwafrika awe jicho tu, na kalamu ikae kwa mwingine.

Na kwetu ni vibaya zaidi. Ku Sanga, pembeni ya ziwa Kisale, kuna makaburi ya watu wetu wa zaidi ya miaka elfu moja, wamezikwa na vyungu vizuri na mapambo ya shaba, na wengine wa baadaye na misalaba midogo ya shaba. Msalaba ule Katanga iliuweka kwenye bendera yake mwaka 1960. Tunauvaa kwenye fulana. Waliochimba wakaandika ni Nenquin na Hiernaux mwaka 1957 na 1958, kisha Pierre de Maret miaka ya 1970. Walifanya kazi nzuri, hatukatai. Lakini vitabu vyao viko wapi, mwanafunzi wa Kampemba avisome? Mfupa wa Ishango, uliopatikana mwaka 1950 pembeni ya ziwa Edward, wenye mikwaruzo ambayo wataalamu wengi wanasema ni hesabu, uko Brussels.

Na kuna mifupa ambayo si ya sayansi kabisa. Lusinga, mkubwa wa Watabwa upande wa Moba, aliuawa Desemba 1884 na watu wa Émile Storms, afisa wa Kibelgiji. Kichwa chake kilikatwa. Mwaka 1886 daktari mmoja kule Ubelgiji alikuwa ameshakipima na kukiandika. Mtu akikuambia mambo ya mifupa hayahusu siasa, mtajie Lusinga.

Watasema: mukiwapeleka vijana nje, hawarudi. Tukubali, wengine hawarudi. Lakini arudi kwenye nini? Kwenye chumba kisicho na umeme wala darubini? Na pasipoti yenyewe, mwaka 2015 serikali ilikubali iuzwe dola 185, yenyewe ikibakia na 65 tu, zilizobaki zikaenda kwa makampuni. Bei ilishuka baadaye mpaka 99, lakini mwanafunzi ambaye mama yake anauza makala alikuwa akizihesabu hizo dola 99 kwa miezi. Tuko mu Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022. Tunataka kuiona hiyo Jumuiya kwenye mfuko wa mwanafunzi pia, si kwenye picha za marais tu.

Kwa hiyo tunadai mwanafunzi aliyekubaliwa na timu ya utafiti apewe barua yake mu siku tano, bila "kusema vizuri", na orodha ya waliopewa nafasi na msaada ibandikwe ukutani ili tuone majina ni ya nani na ni watoto wa nani. Tunadai kila timu ya kigeni inayokuja kuchimba Katanga ichukue wanafunzi wa Lubumbashi kama wanafunzi, si kama wabeba masanduku na watafsiri, na majina yao yaandikwe kwenye kazi. Na kila kampuni inayogeuza udongo iwe na mtu aliyesomea mambo haya, mwenye haki ya kusimamisha mashine.

Barua yenye madai haya imeandikwa, na sahihi zinakusanywa Bel-Air kila jioni baada ya saa kumi na moja. Yule dada ametia sahihi ya kwanza. Msimu mwingine wa kuchimba unakaribia, ameomba nafasi tena, na safari hii tutamsindikiza ofisini, watu ishirini, tukae kwenye benchi mpaka muhuri upatikane.