Maoni Yetu: Anza na globu, kochi litasubiri

Kila mwaka ukielekea ukingoni, maguta yanayotoka Keko hubeba mzigo uleule: seti ya makochi iliyofungwa nailoni, inakwenda kwenye sebule yenye globu moja katikati ya dari na ukuta ambao haujaonja rangi tangu nyumba ijengwe. Hatuna ugomvi na mafundi seremala wa Keko. Kazi yao tunaijua na wengi wetu tumeikalia. Tunachogombea ni mpangilio wa matumizi. Fedha yote ya kikoba inaishia kwenye kochi, na baada ya mwezi sebule ni ileile, giza ni lilelile, ila sasa hata pa kupita hakuna.

Msimamo wetu ni kwamba mwenye fedha kidogo anayetaka nyumba yake ipendeze aanze na mwanga, afuatie rangi, kisha vitambaa. Fanicha ije mwisho, na ikichelewa hakuna atakayekufa.

Wapo watakaosema mwanga mwingi ni umeme mwingi, kwa hiyo tupige hesabu. Globu ya zamani ya waya, ile ya wati 60, hutoa mwanga wa lumeni 700 hadi 800. LED ya wati 9 hutoa kiasi hichohicho, pengine na zaidi kidogo. Nyumba yenye globu tano za wati 60 zinazowaka saa tano kila usiku hula uniti 45 kwa mwezi. Weka tano za wati 9, uniti hazifiki 7. Kwa mteja wa TANESCO wa kundi la D1, ambaye bei yake nafuu inaishia uniti 75 kwa mwezi, hizo 38 zilizobaki zinakaribia kulisha friji ndogo.

Globu za waya zimeadimika, lakini mazoea ya kununua kwa wati yamebaki. Wati hukueleza taa inakula kiasi gani. Mwanga unapimwa kwa lumeni, na yapo maboksi yenye wati kwa herufi kubwa huku lumeni hazitajwi popote. Boksi la namna hiyo liache dukani. Na kabla hujatoka nyumbani chungulia holda, ni ya pini au ya skrubu, usije ukalipa nauli mara mbili kwa globu moja.

Kuna pia rangi ya mwanga wenyewe, jambo ambalo wauzaji wengi hawamwelezi mnunuzi. Globu nyingi zinazouzwa mitaani ni nyeupe za 6500K. Zinafaa jikoni, stoo, na kwa mwenye cherehani. Sebuleni usiku zinaifanya nyumba iwe kama duka la dawa: sura za watu zinapauka na ukuta wa krimu unageuka kijivu. Tafuta iliyoandikwa 2700K au 3000K, yenye mwanga wa manjano uliotulia. Kwa kawaida bei hazipishani. Chumba cha kulala ndicho kinachoihitaji zaidi, kwa kuwa mwanga mweupe wenye ubuluu mwingi ukikaa nao mpaka saa nne za usiku huchelewesha usingizi.

Hiyo globu moja katikati ya dari ni urithi wa fundi umeme anayelipwa kwa pointi. Kila pointi ni fedha, basi chumba kikapewa moja, na mwenye nyumba akaridhika. Athari yake iangalie jikoni saa moja jioni. Mama ameshika ungo anachambua mchele, globu iko nyuma ya kichwa chake, na kivuli chake kimeufunika mchele wote. Anauinamisha ungo upande, anajisogeza karibu na mlango, anarudi. Chuya anaziona, vijiwe vinampita, na vitajulikana mezani. Upande wa pili mtoto wa darasa la nne anaandika ndani ya kivuli cha mkono wake mwenyewe, pua imegusa daftari, na nyumba nzima inamwambia akae vizuri.

Dawa yake haihitaji kuchimba ukuta. Ni taa ya pili, iliyo chini na karibu na kazi inayofanyika: taa ya mezani, au holda yenye waya, swichi na plagi, imeninginizwa kwenye ndoano. Mtoto anayeandika kwa mkono wa kulia mwanga umjie kutoka kushoto. Mpishi umjie kwa mbele. Ukitaka na urembo, chukua kikapu kidogo cha Iringa kilichosukwa kwa milulu, kitoboe kitakoni, pitisha waya. Hiyo ni kofia ya taa, na usiku itachora msuko wake ukutani. Enzi za globu ya waya tusingethubutu kushauri hivyo, maana joto lake lingeunguza kikapu. LED ina joto dogo, lakini nayo usiibane. Iachie nafasi ya kupumua.

Mwanga wa mchana, ambao haupiti kwenye LUKU, tunauzuia kwa mikono yetu. Wavu wa mbu uliogongomelewa dirishani miaka kadhaa iliyopita umeziba kwa vumbi la barabara, masizi ya mkaa na mafuta ya kukaangia. Uloweshe kwa maji ya sabuni, usugue kwa brashi laini kwa nje na kwa ndani, na tandika kitambaa chini kwa sababu yatakayoshuka ni meusi. Wapo watakaogundua siku hiyo kwamba chumba chao kina dirisha.

Wazee wa pwani walishughulika na giza kabla ya nguzo ya kwanza ya umeme kusimamishwa. Nyumba za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilikuwa na vyumba virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Upande wa barabarani madirisha yalikuwa machache, na mwanga ulitoka kwenye ua wa ndani. Kuta zikapigwa chokaa nyeupe iliyochomwa kutokana na matumbawe, ili mwanga kidogo ulioingia udunde kutoka ukuta hadi ukuta mpaka ufike chumba cha nyuma. Lamu wakaongeza zidaka, vishubaka vilivyopangwa safu kwa safu kwenye ukuta wa mwisho, ambavyo pamoja na kubeba vyombo vya kaure viliufanya ukuta uonekane una kina. Nyumba ile haikuhitaji jipsamu ya ngazi tatu.

Sisi tumerithi pwani hiyohiyo, kisha tukapaka sebule rangi ya damu ya mzee. Ukuta mweupe hurudisha takriban asilimia 80 ya mwanga unaoupiga. Damu ya mzee haifiki 20. Maana yake ni kwamba mwenye sebule hiyo ananunua umeme, anauwasha, halafu ukuta unaumeza. Ule mtindo wa kupaka nusu ya chini rangi ya mafuta iliyokoza ili isionyeshe alama za mikono una sababu yake, hasa penye watoto, na hatuupingi. Ila mstari ushushwe mpaka usawa wa kiuno, na juu yake pabaki peupe au krimu.

Rangi kwa chumba kimoja si gharama ya kutisha. Kwenye plasta laini, lita moja ya rangi ya maji hufunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Chumba cha mita tatu kwa tatu, kuta na dari, mikono miwili, kinataka kama lita 8, yaani galoni mbili za lita 4. Anza na dari. Dari iliyofuka moshi ikipakwa nyeupe, mabadiliko yanaonekana hata kabla ukuta haujaguswa. Ukimwita fundi, kaa naye wakati anachanganya, kwa kuwa kuna mafundi ambao galoni moja ikikutana na ndoo ya maji huzaa galoni mbili, na mwisho wa siku plasta inaonekana kwa ndani. Korido, uani na jiko la nje chokaa inatosha. Ni rahisi kuliko rangi, ubaya wake ni kushika nguo za anayeegemea. Penye unyevu usipake chochote mpaka bomba au paa linalovuja lizibwe. Na rangi ya mafuta ya zamani usiikwangue kavu watoto wakiwa ndani: inaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu. Tumia msasa wa maji.

Katika hili la rangi tunagongana na wenye nyumba. Mpangaji analipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, halafu anaambiwa asipigilie hata msumari. Akiomba kupaka rangi anaonekana anataka kuimiliki nyumba. Ukweli ni kwamba anayepaka rangi chumba cha kupanga anamtengenezea mtu mwingine mali yake kwa fedha zake. Tunapendekeza mkataba uwe na mstari mmoja wa nyongeza: rangi itakayopakwa, nani ananunua, na kiasi gani kitakatwa kwenye kodi inayofuata baada ya kuonyesha risiti. Ofisi za serikali za mitaa, ambako mikataba mingi hushuhudiwa, zinaweza kuuweka mstari huo kwenye fomu zao kesho asubuhi bila kusubiri sheria mpya. Mwenye nyumba anayekataa atuambie anapoteza nini.

Kwenye vitambaa hatutakawia, maana hapo watu wetu hawahitaji mwalimu. Mapazia mazito ya mtumba yanapatikana soko la Karume, Ilala, kwa anayejua kuchagua na kupatana. Fimbo ya pazia iwe ndefu kuliko dirisha, izidi kama kiganja kila upande, ili pazia likifunguliwa lisikalie kioo. Kanga iliyochoka kuvaliwa inatoa foronya za mito ya makochi. Vitambaa vya kufuma kwa kroshia, ambavyo siku hizi vijana wanavicheka, sisi tunavitetea: vinaficha kochi lililochanika na vinafulika. Maua ya plastiki yenye vumbi hayana mtetezi hapa. Kalenda za miaka iliyopita nazo zishushwe.

Anayetaka picha ukutani akumbuke kuwa Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vipande vya ubao mgumu na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Mabaki ya galoni na kipande cha dari vinatosha kumpa mtoto mwenye kipaji kazi ya likizo.

Tunaloonya ni hii homa ya mikanda ya taa za rangi rangi zinazobadilika kutoka zambarau kwenda kijani nyuma ya televisheni. Atakayeipenda ni shauri lake, lakini mara nyingi inachomekwa kwenye ekstensheni ambayo imeshabeba friji, feni na chaja nne, kwa waya mwembamba uliokusudiwa kwa spika. Fedha ya mkanda huo ingemlipa fundi mwenye leseni ya EWURA aje aongeze soketi moja halali.

Limebaki la Shirika la Viwango. Mnunuzi wa globu hana kifaa cha kupima lumeni. Anategemea maandishi ya boksi. TBS wahakikishe kila boksi linaloingia sokoni limetaja lumeni na rangi ya mwanga, wazichukue globu hizo madukani wazipime, na majina ya zinazodanganya yatangazwe. Mpaka hapo, mnunuzi adai globu ijaribiwe kwenye holda ya kaunta akiwa anaiona, iachwe iwake kidogo, na muda wa dhamana uandikwe kwenye risiti. Muuzaji akisema kitabu cha risiti kimekwisha, Kariakoo haina uhaba wa maduka.