Hawa Mbwa ni wa Nani?

Swali hili niliulizwa jikoni kwangu, saa mbili usiku, na binti wa miaka 20 anayetusaidia kazi za nyumbani. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeingia kutoka chuoni baada ya kuganda kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro. Alinisalimu, akaendelea kusugua sufuria, kisha akasema bila kugeuka: "Samahani baba, naomba kuuliza. Hawa mbwa ni wa nani?"

Nilimjibu papo hapo, kwa kujiamini kwa mtu aliyezoea kuulizwa maswali darasani: "Ni wetu sote."

"Sawa baba," akasema.

Kila aliyewahi kuajiri mtu nyumbani kwake anaifahamu "sawa baba" ya namna ile. Si ya kukubali. Ni ya mtu aliyepima uwezekano wa kusikilizwa akaona ni mdogo.

Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimeingia getini na boksi lenye watoto wawili wa mbwa, ndugu wa tumbo moja, waliozaliwa nyumbani kwa mwenzangu mmoja ambaye mbwa wake alijifungua saba. Walikuwa na umri wa wiki tano. Nyumba niliyowaingiza ni hii: mke anayefanya kazi ya zamu hospitalini, watoto watatu, mkubwa yuko sekondari na mdogo ana miaka sita, mama yangu mzazi aliyekuja mjini kwa matibabu akabaki, mpwa wangu anayejiandaa kwa mtihani wa kidato cha sita, na binti huyo. Mimi mwenyewe hutoka saa kumi na moja na nusu alfajiri na kurudi usiku.

Sababu nilizozitaja zilikuwa mbili. Jirani alikuwa ameibiwa runinga, na watoto walikuwa wameomba mbwa tangu mwaka jana. Sababu ya tatu sikuitaja, ila leo naikiri: tabaka letu limejijengea imani kwamba ukuta wenye geti la chuma na usio na kibao cha "Mbwa Mkali" ni nyumba ambayo haijaisha kujengwa.

Watumishi wa umma mnaosoma hapa mtautambua mara moja ugonjwa huu, kwa kuwa mnauishi ofisini. Tulikuwa na uzinduzi. Picha zilipigwa, majina yakatolewa kwa kura, pongezi zikamiminika kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Kilichokosekana ni fungu la matumizi ya kawaida. Ni zahanati iliyokatiwa utepe bila kupangiwa muuguzi; ni pampu ya maji ya kijiji ambayo hakuna aliyeuliza dizeli yake italipwa na nani. Tunapowashutumu viongozi wetu kwa tabia hii huwa tunasahau kwamba wamelelewa katika nyumba zetu.

Hebu tuutazame mzigo wenyewe, maana mjadala wa jambo hili aghalabu huishia kwenye sura za kupendeza. Mtoto wa mbwa hapaswi kutenganishwa na mama yake kabla ya wiki nane. Ni katika wiki hizo anapojifunza kwa ndugu zake kwamba akiuma kwa nguvu, mchezo unakwisha. Wangu nilikuwa nimewanyima somo hilo. Akishaachishwa ziwa anahitaji kula mara tatu au nne kwa siku. Hukojoa anapoamka, anapomaliza kula na anapomaliza kucheza, na uwezo wake wa kujizuia ni takribani saa moja kwa kila mwezi wa umri wake. Maana yake ni kwamba usiku lazima mtu aamke. Minyoo anazaliwa nayo au anainyonya kwenye maziwa ya mama, kwa hiyo hupewa dawa kila baada ya wiki mbili hadi afikishe wiki 12; asipopewa, mayai ya minyoo hiyo hukaa kwenye udongo uleule ambao mtoto wako wa miaka sita anauchezea pekupeku. Chanjo za awali huanza kati ya wiki ya sita na ya nane na kurudiwa hadi wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa huchanjwa afikapo miezi mitatu, kisha hurudiwa. Na hadi wiki ya 14 hivi ndipo anapojifunza kipi katika dunia si cha kuogopwa: mgeni, pikipiki, mtoto anayelia, mzee mwenye mkongojo. Akikosa hapo, hofu hiyo atakua nayo, na mbwa mwenye hofu huuma.

Sasa jumlisha saa hizo zote, kisha uulize ni nani aliye nyumbani katika saa hizo. Si mwenye nyumba. Si mke wake aliyetoka zamu ya usiku. Si watoto wanaoshuka kwenye basi la shule jioni wakiwa na mizigo ya kazi za nyumbani. Mama yangu ana magoti mabovu. Anabaki mtu mmoja tu, yuleyule ambaye hakuulizwa.

Binti yule huamka saa kumi na moja kuandaa chai na sare za shule. Kabla ya mbwa, siku yake ilikuwa na nafasi ndogo ya kupumua baada ya chakula cha mchana. Mimi ndiye niliyeichukua nafasi hiyo. Aliongezewa kudeki kinyesi barazani mara tano kwa siku, kupika ugali wa dona na dagaa wa mbwa kwa sufuria ya pekee, kufua matambara na kuamka usiku kwa vilio, kwa kuwa chumba chake ndicho kilicho karibu na banda. Mshahara ulibaki palepale. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Niliketi nikapiga hesabu ya saa zake kwa uaminifu, na matokeo sitayaandika hapa, kwa aibu. Nimefundisha nadharia ya thamani ya ziada kwa miaka 12. Nimesahihisha mamia ya insha kuhusu unyonyaji. Haikunijia hata siku moja kwamba "sisi" katika sentensi "sisi tumepata mbwa" ni kiwakilishi cha kitabaka: sisi tunaopata, na yeye anayedeki.

Kuna hoja inayorudiwa katika nyumba zetu kana kwamba ni aya ya katiba: mbwa huwafundisha watoto uwajibikaji. Niliiamini. Niliwapangia wanangu ratiba na kuibandika kwenye friji. Ilifuatwa kwa siku nne. Sitawalaumu, kwa sababu mtoto wa miaka sita hawezi kuwa mlezi wa kiumbe kingine, na mtoto wa sekondari tumemjazia masomo ya ziada hadi Jumamosi. Lakini somo walilipata. Walijifunza kwamba mtu anaweza kumiliki uhai, akaupiga picha, akaupa jina zuri, na uchafu wake ukasafishwa na mtu mwingine asiyeonekana kwenye picha. Siku moja watakuwa wakurugenzi, na somo hilo watakwenda nalo ofisini.

Jirani yangu wa kulia ni mzee anayepita mbele ya geti langu kila alfajiri kwenda msikitini. Asubuhi moja watoto wale wa mbwa walichomoka, wakamrukia na kulilamba kanzu lake. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi inayohitaji kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mzee alinisalimu kwa upole, akageuka, akarudi kwake kubadilisha nguo. Sala ya jamaa ilimpita. Hakulalamika wala hakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Yeye naye, kwa namna yake, aliniambia "sawa".

Kisha likatokea lililotokea. Mwanangu mdogo alimnyang'anya mmoja wao mfupa, akaumwa kiganjani. Jeraha lilikuwa dogo, meno mawili tu, lakini damu ilitoka. Mimi nilishika simu nikaanza kutafuta namba ya daktari. Binti yule, ambaye kijijini kwao aliwahi kumwona mtu akifa kwa kichaa cha mbwa, hakungoja simu yangu: alimkamata mtoto, akampeleka bombani na kuosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, mtoto akipiga kelele. Ndivyo inavyopasa kufanywa. Kituo cha kwanza tulichofika hakikuwa na chanjo. Tuliambiwa tukajaribu kwingine. Tuliipata usiku, tukapangiwa tarehe za sindano zilizobaki.

Daktari aliuliza: mbwa amechanjwa? Hajafikisha umri. Mama yake je? Nilimpigia mwenzangu aliyenipa. Naye hakujua.

Hapo ndipo nilipoelewa maana ya takwimu ambazo hapo awali nilizisoma kama mtu anayesoma habari za nchi nyingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka duniani kutokana na ugonjwa huu, karibu vyote kwa kuumwa na mbwa, na wengi wa wafu wako Asia na Afrika. Asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza, tiba hakuna. Tulimfungia mbwa yule na kumwangalia kwa siku 10. Siku ya sita, ndugu yake akaanza kutapika na kuharisha damu. Sitaeleza usiku huo tuliupitishaje. Alikufa baada ya siku mbili, na daktari wa mifugo akasema ni parvo, ugonjwa wenye chanjo ambayo nilikuwa nimeiahirisha hadi mshahara unaofuata. Mpwa wangu alimzika nyuma ya nyumba. Aliyeuma hakuugua.

Najua nitakachoambiwa: nchi ina matatizo makubwa, na wewe msomi unaandika habari za mbwa. Jibu langu ni kwamba fuateni njia anayopita mbwa aliyechokwa. Mtoto wa mbwa aliyependwa Desemba, ifikapo Juni ni mbwa mkubwa aliyefungwa mnyororo mchana kutwa, anayebweka hata kwa jani, kiasi kwamba siku mwizi akija hakuna atakayeamka. Hivyo hata ule ulinzi tuliodai haupo. Akizidi kuwa kero hupakiwa kwenye gari usiku na kuachwa karibu na soko au dampo. Huko hazaliani tena na mbwa wa wenye kuta; anazaliana mitaani, na atakayemuuma ni mtoto anayekwenda shule kwa miguu, ambaye baba yake hana gari la kuzunguka usiku akitafuta chanjo. Halmashauri nayo huja na bunduki. Kuwaua mbwa hakujawahi kuukomesha ugonjwa huu. Kinachoukomesha ni kuchanja walau asilimia 70 yao. Kisiwani Pemba kampeni za chanjo ziliuondoa, ukarudi, zikauondoa tena. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Tuna Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani kila tarehe 28 Septemba, ambayo katika wilaya nyingi huishia kwenye bango na hotuba. Ninyi mnaoandaa bajeti za halmashauri, hilo fungu mliweke pale mlipokuwa mmeweka risasi. Na sisi wenye mageti tuache kujifanya watazamaji, maana hao mnaowaita mbwa koko bibi zao walizaliwa kwetu.

Nilimwomba radhi binti yule. Hakutaka maneno mengi. Alitaka mambo mawili, na yote mawili yamo katika mkataba mpya tuliosaini: kwamba mbwa si sehemu ya kazi yake, na kwamba nikisafiri akamhudumia, atalipwa kwa siku. Siku hizi naamka saa kumi na nusu. Ninadeki. Geti halifunguliwi hadi mzee awe amepita.

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ofisa wa wizara, alinipigia simu. Ana pacha wa miaka miwili, mke wake anasoma shahada ya pili mkoani, na amepewa watoto watatu wa mbwa wazuri sana. Alitaka ushauri wa majina. Nilimuuliza nani atakuwa nyumbani saa nne asubuhi. Akacheka, akasema, "Si dada yupo, Dokta?" Nikamwomba ampe dada simu nizungumze naye. Aliahidi kunipigia baadaye, bado nangoja.